Intaneti kwa Jamaa Wampelekao Mgonjwa India

Jamaa nyingi za Burundi na za nchi jirani hulazimika kumpeleka mgonjwa wao India, hasa Chennai, Mumbai au New Delhi, kwa matibabu wasiyoyapata karibu. Fedha za safari hiyo aghalabu ni za mchango: huyu ameuza ng'ombe, yule amekopa kazini. Yasikitisha basi kuona sehemu ya fedha hizo ikipotelea katika simu, kwa sababu tu msafiri alishuka uwanja wa ndege, akawasha simu na kuiacha itumie intaneti kwa laini ya nyumbani.

Laini ya nyumbani ikiwa ugenini hupitia minara ya kampuni ya huko, na gharama ya kuipitisha humrudia mwenye simu. Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilikubaliana kupunguza bei ya kupigiana simu baina yao, lakini nafuu ya namna hiyo haimfuati msafiri hadi ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo, kabla ndege haijaruka, intaneti ya ugenini izimwe katika kila simu. Laini yenyewe isitupwe sandukuni, maana ndiyo ipokeayo ujumbe wa benki; ila bei ya kupokea simu ugenini iulizwe mapema.

Huko India hununuliwa laini ya nchi hiyo, ikatiwa katika ruta ya mkononi, yaani kifaa kidogo chenye betri yake, kinachozigawia simu kadhaa intaneti kwa njia ya waifai. Kwa msafiri aliye peke yake ruta ni mzigo wa bure. Simu yenye nafasi ya laini mbili yamtosha. Faida yake huonekana wakiwa watatu: mgonjwa, anayemuuguza, na ndugu ashughulikiaye malipo.

Ruta ijaribiwe nyumbani. Zile ziuzwazo na makampuni ya simu kwa bei nafuu mara nyingi zimefungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine. Kuazima laini ya jirani na kuitia humo kwatosha kujua ukweli. Tena ichunguzwe kama inapokea megahezi 1800 na 2300, masafa yatumikayo sana kwa 4G nchini India. Betri za akiba zisitiwe katika mizigo ya chini ya ndege, hilo haliruhusiwi. Zichukuliwe mkononi.

Mgeni huuziwa laini baada ya kuonyesha pasipoti na viza, na kutoa picha. Pengine saa kadhaa hupita kabla haijafanya kazi, basi asiyekubali kungoja atahangaika bure. Itiwe kwanza katika simu, ambamo ujumbe wa uthibitisho husomeka kwa urahisi, kisha ndipo ihamishiwe katika ruta.

Vifurushi vingi vya huko hupimwa kwa siku: gigabaiti 1.5 au 2 kila siku, kwa muda wa siku 28. Kisichotumika leo hakibaki kwa kesho. Na kipimo kikiisha, mwendo hupungua hata picha moja ikawa haipiti. Hapa ndipo wengi wanapopata hasara wasiielewe. Simu iliyounganishwa na waifai hudhani iko mahali ambapo intaneti haina kipimo. Huanza kupeleka picha zote kwenye hifadhi ya mbali, hupakua programu mpya, hushusha kila video iliyotumwa na kundi la ukoo. Kabla ya saa sita mchana kifurushi kimekwisha, na majibu ya maabara yanayosubiriwa kwa simu hayafunguki. Kwa hiyo, katika mipangilio ya kila simu, waifai ya ruta iwekwe kuwa yenye kipimo. Hifadhi ya picha isimamishwe, na video zisijipakue zenyewe. Neno la siri nalo lisigawiwe wodi nzima, ingawa kumnyima mgonjwa wa kitanda cha pili ni jambo gumu kwa mtu aliyelelewa vema.

Ruta haiwezi kuwa mahali pawili. Waifai yake hudhoofika baada ya kuta mbili tatu, hali mgonjwa yuko wodini na ndugu amelala nyumba ya wageni. Ikae na mgonjwa, ambako habari za madaktari hupokelewa. Ndugu atumie waifai ya nyumba ya wageni, akihakikisha tangu siku ya kupanga chumba kwamba ipo.

Mazungumzo ya sauti hula kidogo sana kuliko ya video, nayo yatumike mchana. Kinachosalia jioni, kwa kuwa kitapotea saa sita usiku, kitumike kwa video. India iko mbele ya Bujumbura kwa saa tatu na nusu: ikiwa saa mbili na nusu usiku Chennai, Bujumbura ni saa kumi na moja jioni, na watoto wamekwisha rudi kutoka shule.