Mkunga akiuliza ni mimba ya ngapi

Dada zangu mlio ughaibuni, mkunga akituuliza hii ni mimba ya ngapi, wengi hujibu ya kwanza. Zile zilizotoka tukiwa nyumbani Tanga au Mombasa tumeshazizika moyoni. Shangazi alisema ni jicho, yakaisha. Tafadhali zitajeni zote, na miezi yake.

Upo ugonjwa wa nadra uitwao antifosfolipidi, ambao daktari Graham Hughes na wenzake waliueleza mjini London mwaka 1983. Kingamwili za mama hugeuka zikaifanya damu yake igande ovyo. Kondo la nyuma likikosa damu ya kutosha, mimba hutoka, au presha hupanda vibaya, au mtoto huzaliwa mdogo kabla ya siku zake. Daktari huushuku mimba 3 zikitoka mfululizo kabla ya wiki ya 10, au hata 1 baada ya hapo ikiwa mtoto hakuwa na kasoro. Kipimo cha damu hurudiwa baada ya wiki 12, maana kingamwili hizo huweza kujitokeza kwa muda tu baada ya maambukizi.

Tiba ya kawaida ni aspirini kidogo kila siku na sindano ya heparini chini ya ngozi. Heparini haivuki kondo kumfikia mtoto. Wafarini huvuka na yaweza kumdhuru, kwa hiyo anayeitumia amwone daktari mara tu siku zinapopitiliza, asiiache kwa uamuzi wake.

Sasa lile swali la kunong'onezwa: si inatokana na nguruwe? Ndiyo, hutengenezwa kwa utumbo wake. Lakini kuificha kabatini na kumwambia nesi umechoma ni hatari kweli. Sema wazi. Ipo fondaparinuksi, inayotengenezwa maabara, ingawa uzoefu wake kwa wajawazito ni mdogo zaidi. Daktari atapima kama inakufaa. Na wapo masheikh wanaoruhusu dawa ya namna hii panapokuwa na dharura.

Ukishajifungua, sindano mara nyingi huendelea hadi wiki 6, na kunyonyesha hakukatazwi. Wiki hizo zinakaribiana na arobaini yetu. Bibi akikwambia ulale tu, mwitikie kwa heshima, kisha inuka utembee chumbani, unywe na maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, nenda hospitali usiku huohuo, mtoto mwachie baba yake.