Kreni ya Tani 25 Haiinui Tani 25

Wasee, landilodi akileta kreni kutoa ule mkaratusi ulioinamia mabati yenu, mwulize kitu moja: itasimama wapi? Watu huuliza tu "ni ya tani ngapi?" Hiyo 25 ni ya mzigo ulio karibu nayo kabisa, kama mita 3 hivi. Ikinyoosha mkono hadi mita 20 juu ya nyumba, huenda isifikishe hata tani 3. Sasa piga hesabu: gogo bichi la mkaratusi, unene senti 60, urefu mita 4, ni zaidi ya tani moja. Matawi bado. Na yule jamaa wa pawaso huko juu anakata kwa kukisia, nyaya za stima ziko hapo tu. Huyo ni mtoto wa mtu.

Kwangu mimi, kreni ndogo inayoingia ndani ya ploti inashinda kubwa iliyokwama kwa geti. Bora miguu yake isikanyage tangi la maji taka (kwa hizi ploti zetu, nani hata anajua liko wapi?). Dereva akikosa kukuonyesha chati ya uzito, arudi nayo, hata kama deposit ishalipwa.