Noeli ya Mkopo



Tarehe 28 Desemba 2025, Jumapili ya Familia Takatifu, Mwaka Mtakatifu wa Jubilei ulifungwa katika majimbo ya Kanisa duniani kote. Baba Mtakatifu Fransisko aliufungua Roma usiku wa Noeli 2024. Mwenyewe hakuumaliza, maana Mungu alimwita tarehe 21 Aprili 2025, na Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei, ndiye aliyeufunga Mlango Mtakatifu tarehe 6 Januari 2026. Sisi makatekista tulifundisha mwaka mzima asili ya Jubilei: jinsi Waisraeli walivyoagizwa kwamba mwaka wa 50 kila mtu arudishiwe shamba lake, na aliyejiuza kwa sababu ya ufukara aende zake huru. Watoto walijibu vizuri sana. Wazazi walitikisa kichwa kukubali.

Kisha Desemba ikaja, na wazazi hao hao hapa Likasi wakaenda mmoja mmoja kwa mkopeshaji, yule tunayemwita banki lamberi, wakafunga Mwaka wa Jubilei kwa kuingia utumwani upya. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya viatu.

Najua wapo watakaosema: katekista huyu hapendi watu wafurahi. La, hasha! Mimi nina mke na watoto wanne, na Noeli naipenda kuliko wengi. Napenda kuku anapochinjwa alfajiri, napenda harufu ya mchele katika lupango zima, napenda bukari ya siku ile ambayo hata majirani wasiosali wanaletewa sahani. Napenda watoto wanapochimba udongo wa kichuguu juma zima ili watengeneze pango, na ng'ombe wao anatoka na sura ya mbwa, na Mtakatifu Yosefu ana kichwa kikubwa kuliko punda. Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango la kwanza kule Greccio mwaka 1223 alitaka nyasi, ng'ombe na punda, basi. Hakumkopa mtu.

Ninachopinga ni hiki. Katika mji wetu imekuwa sheria, sheria isiyoandikwa lakini ngumu kuliko amri kumi, kwamba mtoto asiye na nguo mpya tarehe 25 Desemba asionekane. Waulizeni makatekista wenzangu. Jumamosi kabla ya Noeli chumba cha mafundisho kimejaa hata wengine wanakaa chini. Siku yenyewe ya Noeli wapo watoto tusiowaona kanisani. Si wagonjwa. Wamefungiwa ndani na mama zao kwa sababu ya aibu, maana hawakununuliwa kitu. Yezu alizaliwa zizini, akafunikwa kwa vitambaa vilivyokuwapo. Nasi tunamzuia mtoto asije kumwona kwa sababu kaptula yake ni ya mwaka jana! Nani ametufundisha hayo? Si Kanisa. Wala si mababu zetu, ambao hawakujua Noeli wala duka.

Mimi nadhani najua yalikotoka, na nitasema, ingawa wazee wengine watakasirika. Mji huu, uliokuwa ukiitwa Jadotville, ulikua kwa shaba. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929. Mfanyakazi wa Union Minière alikaa kambini, akapewa nyumba, akapewa posho ya unga, watoto wake wakatibiwa na kusomeshwa. Mwaka 1967 serikali ikachukua mali ile, nayo ikawa Gécamines, na mfanyakazi akaendelea kuhesabiwa mtu mwenye bahati. Katika miaka ya 1980 shirika hilo lilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Baba wa siku zile aliweza kuvika watoto sita kutoka kichwa hadi mguu bila kumpigia mtu magoti, maana unga wa Januari ulikuwa na hakika. Sikukuu yake ilikuwa kubwa kwa kipimo cha mshahara wake. Hakukosea.

Lakini mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na mambo yakazidi kuharibika, hata kufika mwaka 2003 shaba ile ilikuwa haifiki tani 20,000. Miaka ile ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha za mkupuo wakaondoka kazini. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Nilikuwa na miaka 14. Loo, Noeli ile! Mbuzi mzima, radio, suti mbili, baiskeli, viatu vya ngozi kwa kila mtoto hata yule ambaye bado hajatembea. Watu walikuja kutoka Panda kutuangalia. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata baiskeli ilikuwa imeuzwa, na radio ikaifuata. Simlaumu aliyempa fedha, wala simhukumu marehemu baba. Nasema tu kwamba siku ile hakuna aliyeulizwa nyumbani. Mama hakuulizwa. Aliona vitu vikiingia mlangoni kama sisi watoto tulivyoviona.

Basi mshahara ulikufa, lakini ukubwa wa sikukuu ulibaki. Sisi vijana tulirithi sikukuu ya mtu mwenye posho, na posho hatukurithi. Huyu anauza makala, huyu anaendesha pikipiki ya watu, huyu anachimba mawe kwa mikono, huyu ni mwalimu anayengoja. Wote wanataka Noeli ya mwaka 1985. Pengo lililo katikati linajazwa na banki lamberi.

Mwenye kutaka kujua kama Noeli yaweza kukaa bila vitu hivyo, na awaulize wazee juu ya mwaka 1974. Mwaka ule serikali ya Mobutu iliondoa tarehe 25 Desemba katika siku za mapumziko. Tayari mwaka 1972 ilikuwa imekataza majina ya Kikristo, na Kardinali Malula, aliyepinga, alilazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Noeli ya 1974 iliangukia Jumatano, siku ya kazi kama nyingine. Watu walikwenda kazini. Kambo mmoja wa parokia yetu alinisimulia kwamba jioni alirudi na vumbi lake, akanawa, akawasha taa, wakasali nyumbani na watoto, wakala sombe na samaki wakavu. Akaniambia kwamba ile ndiyo Noeli anayoikumbuka vizuri kuliko zote. Serikali ile, pamoja na askari wake, haikuweza kumnyima mtoto Noeli. Sisi tunaweza, kwa kaptula tu.

Sasa ni haki niseme habari zangu mwenyewe, maana atakayenisoma mtaani kwetu anazijua. Desemba 2023 mimi, niliyesoma falsafa seminarini, mimi ninayesimama mbele ya watu na kuwaeleza adili ya kiasi, nilichukua dola 100 kwa mkopeshaji ili watoto wa katekista wasionekane maskini kuliko wengine. Nilitakiwa kurudisha 150 mwisho wa Januari. Sikuweza. Februari ikawa zaidi. Mwezi wa tatu alikuja na vijana wawili, wakachukua mashini ya kushonea ya mke wangu, ambayo ndiyo ilikuwa inatulisha. Mke wangu hakupiga kelele. Alikuwa hajui hata kwamba nimekopa. Alidhani nguo zile zilitoka katika zawadi ya parokia. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa Noeli, na matanga yalikuwa ya mke wangu.

Tangu hapo nyumbani kwetu tumeweka desturi nyingine, nami nawashauri vijana waliooa waijaribu. Tarehe 31 Desemba jioni, kabla ya kwenda Misa ya kushukuru, tunakaa kwenye mkeka sisi sote. Baba hayuko kilabuni, mama hakutangulia kwenye mkesha wa jirani, watoto hawako barabarani na fataki. Nina daftari. Nasoma kwa sauti yaliyoingia mwaka ule na yaliyotoka, na nani tunadaiwa naye, na kiasi gani. Kisha tunataja waliokufa. Kisha kila mmoja anasema amemkosea nani, kuanzia mimi. Watoto wana ruhusa ya kuuliza.

Jioni ya 31 Desemba 2025 ilikuwa ndefu. Tuliwaeleza watoto kwamba Goma iliangukia mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari, na kwamba sauti zile wanazozifurahia katika fataki, watoto wa huko walizisikia wakiwa chini ya vitanda. Tulisema jinsi serikali iliposimamisha kobalti isipelekwe nje, kuanzia tarehe 22 Februari hadi katikati ya Oktoba, baba wengi wa mtaa wetu waliokaa na mifuko ya mawe walivyokosa chakula. Tuliwaombea wale zaidi ya 30 waliokufa tarehe 15 Novemba daraja lilipoanguka katika mgodi wa Kalando, kule Lualaba. Na tuliwasimulia habari za Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mkaguzi wa bidhaa mpakani, aliyekataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite kuingia katika vyungu vya watu. Walimwua Julai 2007, akiwa na miaka 26. Alitangazwa Mwenye Heri Roma tarehe 15 Juni 2025.

Namtaja huyo kwa makusudi, maana deni si mlango peke yake ambamo fedha za Noeli zinaingia. Nani kati yetu hajasikia Desemba neno hili: «Bonana yangu iko wapi?» Anaomba mwenye kofia barabarani, anaomba mwenye muhuri ofisini, na wengine wao tunakutana nao kwenye Komunyo. Nao wana watoto wanaongoja viatu! Ndugu yangu, kiatu ulichomnunulia mwanao kwa fedha ulizomnyang'anya mama mwuza mihogo, ni kiatu cha mtoto mwingine.

Wengine wamenijibu hivi: mambo ya fedha si ya watoto, unawaondolea heshima ya baba. Mimi nawauliza: mkopeshaji anapobisha hodi mwezi wa pili, nani anatumwa mlangoni? Si mtoto? Naye anafundishwa kusema: «Tata hayuko», na tata yuko nyuma ya pazia. Mtoto huyo tayari amebeba deni lako, tena amelibeba kwa uongo. Jumamosi ananijia nimfundishe amri ya nane. Nimfundishe nini? Heshima ya baba haikuondoka siku mtoto aliposikia hesabu. Iliondoka nyuma ya pazia.

Mwingine, mtu aliyesoma, aliniambia kwamba natwisha maskini mzigo wa kosa la matajiri. Kwamba nchi yenye shaba na kobalti isingekuwa na baba wa kukopa kwa ajili ya kaptula. Hapo amesema kweli, na nusu yake nimekwisha iandika juu. Lakini mkopeshaji hangoji nchi itengenezwe. Anakuja tarehe 31 Januari.

Na kuna mama mmoja aliyeniambia, bila hasira: «Katekista, wewe sema tu, siku ile watoto wangu ndio watakaochekwa.» Huyo sikumjibu haraka, maana ni kweli watachekwa. Mimi peke yangu siwezi kuondoa kicheko hicho, wala yeye. Ndiyo maana nimeomba katika jumuiya yetu ndogo kwamba Noeli ya 2026 watoto wote wa mafundisho, wa mwenye duka na wa mchimbaji, waje Misa na nguo zao za Jumapili za siku zote, zilizofuliwa na kupigwa pasi. Baba watatu wamekubali. Mama karibu wote wamekubali. Mwenye duka la nguo, ambaye ni Mkristo mwema, bado anafikiri.

Jioni ile ya 31 Desemba, nilipomaliza kusoma daftari, binti yetu mkubwa aliuliza mashini ya mama itarudi lini. Nikamwambia ile haitarudi, imekwisha uzwa. Akauliza nyingine ni bei gani. Mama yake akamtajia. Akachukua kalamu, akagawanya na kile tunachoweka kila mwezi, akasema: «Mwezi wa tisa, tata, kama Noeli hatutakopa.»