Mraibu Apelekwe Wapi?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitungojea mlangoni pa sakristia. Mwanawe wa kwanza alikuwa akivuta unga kwa muda wa miaka mitatu. Alikwisha kuuza sufuria, redio ya marehemu baba yake, na mwishowe mabati ya banda la kuku. Lakini usiku uliotangulia kijana mwenyewe alilia akasema, "Mama, nimechoka, nipeleke po pote." Ndipo mama huyo akatuuliza swali moja tu: "Baba, nimpeleke wapi?"

Nasi hatukuwa na jibu. Tulimwombea, tukambariki, tukamwambia aje naye ofisini siku ya Jumatano. Jumatano ilipofika alikuja peke yake. Kijana alikuwa amerudi kijiweni, maana arosto haingoji saa za ofisi ya parokia.

Ndugu waamini, tunaikiri habari hii mbele yenu kwa sababu inatuhusu sote. Parokia yetu ilimjua seremala wa majeneza, duka la mishumaa na fundi wa vipaza sauti. Haikuijua kliniki iliyo mwendo wa daladala moja tu kutoka kanisani. Tukasema moyoni kwamba kwa watu wa namna hii hakuna msaada. La hasha! Msaada ulikuwapo; sisi ndio hatukuujua. Na maskini asipoijua njia ya kufikia kile ambacho ni haki yake, ni kana kwamba amenyimwa haki hiyo.

Basi na tuseme waziwazi yaliyopo katika jiji la Dar es Salaam. Tangu Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kliniki ya methadoni, ya kwanza ya namna yake Tanzania Bara. Baadaye huduma hiyo ilifika katika hospitali za Mwananyamala na Temeke, na kisha katika mikoa mingine. Methadoni ni dawa ya kunywa kwa waraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni. Hutolewa bila malipo. Mgonjwa, hasa mwanzoni, hufika kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Hapo hapo aweza kupimwa Virusi vya UKIMWI na kifua kikuu. Asiyejua pa kuanzia apige simu namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo haitozwi malipo.

Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba. Humo mraibu huishi kwa miezi kadhaa, mbali na kijiwe chake, akifuata ratiba ya kazi, mafundisho na mazungumzo ya pamoja. Nyingi zinaendeshwa na watu ambao wenyewe walipitia uraibu, nazo hufuata Hatua Kumi na Mbili zilizotokana na chama cha walevi walioacha pombe, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935. Nyumba hizi kwa kawaida hutoza ada ya kila mwezi.

Hatuna budi kutofautisha ugonjwa na ugonjwa, kwa sababu kosa hapa laweza kuua. Methadoni haitibu ulevi wa pombe, wala bangi, wala kokeini. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi, akikatishwa ghafla, aweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kupata degedege, na hata kufa. Hatari hiyo huwa kubwa katika siku chache za kwanza. Mtu huyo anahitaji hospitali, mahali penye daktari na dawa za kumtuliza mpaka sumu itoke mwilini. Tumewahi kumzika baba mmoja aliyefungiwa chumbani na ndugu zake ili pombe imtoke. Ndugu wale walimpenda. Hakuna aliyewaambia.

Kwa mvuta unga mambo ni mengine. Arosto humjia saa chache tu baada ya kete ya mwisho: mafua, jasho, kutapika, kuhara, na maumivu yanayomfanya aone heri kufa. Kwa mtu mwenye nguvu, ni mara chache mateso hayo peke yake kuua. Hatari kubwa huja baadaye. Mwili uliokaa majuma kadhaa bila unga husahau kuustahimili. Mtu akianguka tena na kutumia kipimo chake cha zamani, aweza kuacha kupumua palepale. Kwa hiyo siku kumi za kutoa sumu si uponyaji. Anayetoka mahabusu, wodini au sobani ndiye anayehitaji kutazamwa kuliko wote, nasi mara nyingi ndipo tunapomshangilia na kumwacha peke yake.

Kwa kuwa soba si zote zilizo sawa, yampasa mzazi kuuliza kabla ya kutoa fedha. Je, nyumba hii imesajiliwa, na ni nani anayeikagua? Je, mgonjwa hupimwa na tabibu siku anayopokelewa, na anayetumia dawa za UKIMWI au za kifua kikuu huendelea kuzipata? Je, ndugu wanaruhusiwa kumtembelea? Je, ada ikichelewa, mgonjwa hufanywa nini? Je, wanawake wana mahali pao wenyewe penye usalama? Na akimaliza muda wake, ni nani atakayemfuatilia? Mwenye nyumba njema hatachukia maswali haya. Mahali penye minyororo na viboko si mahali pa tiba, hata kama pana sala asubuhi na jioni. Mraibu hakupoteza heshima yake ya kibinadamu siku alipoonja kete ya kwanza.

Tunajua yanayosemwa katika jumuiya zetu. Wengine husema, "Alijitakia mwenyewe." Labda. Lakini aliyevunjika mguu kwa kuendesha pikipiki akiwa amelewa, tunampeleka kwa daktari kwanza, maonyo baadaye. Wengine husema kwamba methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Hilo lastahili jibu. Unga hushika kwa saa chache, kisha humrudisha mtu barabarani kuitafuta kete nyingine kwa kuiba au kwa kuuza mwili. Methadoni, ikitolewa kwa kipimo, humshika siku nzima bila kumlevya, naye hupata nafasi ya kufanya kazi, kulea watoto na kurudi Misani. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hatumwambii mgonjwa wa kisukari kwamba ameifanya sindano yake kuwa mungu. Mbona tumwambie hivyo huyu?

Hatusemi kwamba sala haina nafasi. Tunasema kwamba sala isifanywe kisingizio cha kutomsindikiza mgonjwa hadi hospitali. Yule Msamaria ambaye sote tunamhubiri hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita peke yake katika njia ya wanyang'anyi. Tena alifanya mambo matatu ambayo mara nyingi tunayapita haraka: aliijua nyumba ya kumpeleka, alilipa kutoka mfukoni mwake, na aliahidi kurudi.

Mambo hayo matatu yangeweza kuwa kazi ya Kamati ya Haki na Amani ya kila parokia.

Kwanza, kujua. Wachaguliwe walei wawili, mwanamume na mwanamke, wenye moyo wa siri. Waende wenyewe katika hospitali na nyumba zilizo karibu, waone kwa macho yao, waulize maswali tuliyoyataja. Waandike orodha: mahali, siku na saa za kupokea wagonjwa, gharama, na mgonjwa anatakiwa aje na nani. Orodha hiyo ibandikwe ofisini na kusomwa katika jumuiya ndogo ndogo, na ipitiwe upya kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa orodha iliyopitwa na wakati humchosha mgonjwa bure.

Pili, kulipa. Dawa ni bure, lakini nauli ya kwenda na kurudi kila siku si bure. Wako wanaoiacha tiba kwa kukosa nauli tu. Jumuiya inayoweza kuchanga kwa ajili ya sherehe ya msimamizi wake haiwezi kushindwa kumsafirisha mtu mmoja kwa mwezi wa kwanza, ambao ndio mgumu kuliko yote. Fedha hiyo isipewe mgonjwa mkononi. Apewe mtu wa kumsindikiza.

Tatu, kurudi. Amtembelee mtu sobani. Akitoka, awepo wa kumpokea, na ikiwezekana awepo wa kumpa kazi hata ya siku moja moja. Tuache kumwita teja. Aliyeanguka mara ya pili asifukuzwe, maana wengi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kusimama.

Serikali nayo ina wajibu wake, nasi tusinyamaze. Kliniki ni chache, na wengi wanazifuata kutoka mbali. Vitanda kwa ajili ya wanawake ni vichache zaidi. Huduma hizi zimetegemea mno fedha za wafadhili wa nje, na mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, sote tuliona jinsi tegemeo hilo lilivyo dhaifu. Uhai wa raia hauwezi kuachwa uning'inie katika uamuzi wa ofisi iliyo ng'ambo ya bahari. Madiwani na wabunge wetu waulizwe jambo hili kama wanavyoulizwa habari za maji na barabara.

Yule mama bado huja Misa ya pili, na hukaa karibu na mlango. Mwanawe yu hai. Mara huonekana, mara hutoweka. Tumekwisha kumpa jibu lile alilolitafuta, jina la kliniki na mtu wa kumsindikiza, naye analitunza akingoja usiku mwingine ambao mwanawe atasema amechoka. Usiku kama huo humfikia mraibu mara chache, nao hupita upesi. Wiki hii, katika jumuiya yako, huenda uko mmoja. Je, mama huyo akigonga mlango wako, utamwambia aende wapi?