Kadi Moja kwa Mbunge na kwa Bodaboda

Vijana wenzangu, hebu tupige hesabu hii pamoja.

Mwendesha bodaboda wa Kenyenya hana payslip. Akijisajili SHA anaulizwa nyumba yake ina paa gani, anapikia nini, choo chake kikoje, kisha mfumo unaamua atoe ngapi. Haipungui shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hiyo ni 3,600 au zaidi, kwa mtu anayehesabu chake kila jioni. Zahanati atatibiwa bure, lakini bibi yake akihitaji kulazwa na mchango haujakamilika, ndipo familia inaanza kuchangisha.

Mwalimu wa hapo hapo anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, na mwajiri anamwekea bima nyingine juu yake. Simwonei kijicho. Ameifanyia kazi.

Sasa mbunge. Naye anakatwa hiyo 2.75, lakini tume ya mishahara, SRC, imemruhusu bima ya hadi milioni 10 akilazwa, 300,000 kwa matibabu ya kawaida, na 150,000 kwa uzazi. Kwa kadi ya SHA, uzazi wa kawaida unalipiwa 10,000, wa upasuaji 30,000.

Kuna atakayesema hata tukiifuta bima ya wabunge, pesa hizo hazitatosha kutibu nchi nzima. Ni kweli, hazitatosha. Lakini hoja hapa si pesa peke yake. Bunge ndilo lililopitisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii mwaka 2023, na Oktoba 2024 NHIF ikazikwa. Mfumo ukigoma, au hospitali ikikataa kadi kwa sababu haijalipwa, aliyeitunga sheria hahisi kitu. Ana mlango wake wa pembeni. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Hawa wetu wanaisifu wakiwa chini ya mwavuli, tena mwavuli tuliowanunulia sisi!

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Hakikusema kila mheshimiwa.

Kwa hiyo tudai jambo moja: kiongozi wa kuchaguliwa atibiwe kwa kadi ile ile ya SHA, na akitaka zaidi ajilipie mfukoni. SRC ilitangaza upya malipo ya viongozi kabla ya uchaguzi wa 2017, ikafanya hivyo tena 2022. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, kwa hiyo wakati wa kusema ni huu. Kila anayekuja kuomba kura Bomachoge Borabu, awe wa ubunge au wa wadi, aulizwe hadharani: utakubali kupanga foleni na sisi?

Akianza kuzunguka, jibu umeshalipata.