Tuiombe ruzuku ya hewa safi, tusione haya



Safari hii siandiki habari za ngeli wala methali. Nataka tuzungumze juu ya hewa tunayovuta tukiwa hapa shuleni, na juu ya fedha za umma zinazotolewa ili kuisafisha. Maoni yangu nayatoa mapema, ili asiye na muda asome hapa tu: fedha hizo tuziombe. Shule yetu iombe, na iombe kama mwenye haki, si kama mtu anayenyoosha mkono njiani.

Kwanza neno lenyewe. Watoto, fedha ambazo serikali humpa mtu, shule au halmashauri kwa kazi maalumu, bila kudai zirudishwe, huitwa ruzuku. Neno hili ni ndugu wa riziki. Yote mawili yametoka katika Kiarabu. Labda ndiyo maana baadhi yetu tukisikia ruzuku tunadhani ni kitu cha kukaa na kungojea kishuke chenyewe. Ruzuku za hapa London hazishuki. Zinatangazwa, zina fomu, zina tarehe ya mwisho, na hapati asiyejaza fomu.

Jambo hili si geni katika mji huu. Desemba 1952, kuanzia tarehe 5 hadi 9, London ilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe, hata mtu akawa haoni miguu yake mwenyewe akitembea. Hesabu ya wakati ule ilisema watu wapatao 4,000 walikufa. Watafiti wa baadaye wamefika hadi 12,000. Mwaka 1956 Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Halmashauri zikapewa uwezo wa kutangaza mtaa fulani kuwa eneo lisiloruhusiwa moshi.

Lakini sheria ile haikuishia kukataza, na hapo ndipo ninapoipenda. Ukimwambia mtu asiye na kitu abadilishe meko yake, umemwambia alale na baridi. Kwa hiyo gharama iligawanywa. Katika kila pauni 10 zilizokubaliwa, mwenye nyumba alitoa pauni 3, halmashauri ikatoa 3, na serikali kuu ikatoa 4. Tazameni jinsi kazi ilivyogawanywa pia. Serikali kuu haikuja mlangoni kwa mtu kung'oa meko. Ilileta fedha, na halmashauri ya mtaa ndiyo iliyoanzisha na kusimamia. Halmashauri iliyosuasua, watu wake waliendelea kuvuta moshi ingawa fedha zilikuwamo ndani ya sheria. Ilitokea hivyo katika sehemu nyingi za migodi ya makaa ya mawe, ambako wachimbaji walipewa makaa kama sehemu ya malipo yao na hawakuwa na haraka ya kuyaacha.

Wenye bibi Tanzania watalielewa jambo hili upesi. Mwaka 2024 serikali kule ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikitaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini ukawa unauza mitungi ya gesi kwa nusu bei, nusu nyingine ikilipwa na serikali. Mimi nimekulia katika jiko la kuni. Nayajua macho mekundu ya mama zetu, na kikohozi kile ambacho kila mtu alikiita mafua. Sijasikia mtu akimwita bibi ombaomba kwa sababu kanunua mtungi wa ruzuku. Kwa nini basi hapa London tunaona aibu?

Turudi huku. Moshi wa makaa ya mawe umeondoka, umekuja wa magari. Huu hauonekani sana. Kuna gesi iitwayo naitrojeni dayoksaidi, inayotoka hasa kwenye injini za dizeli, na kuna chembechembe ndogo mno zinazotoka kwenye moshi, matairi na breki, ambazo hupita puani, zikafika mapafuni na nyingine zikaingia kwenye damu. Mwenye pumu huzisikia kwanza.

Wengi wenu mnamjua, kwa jina au kwa picha, Ella Adoo-Kissi-Debrah. Alikuwa msichana wa Lewisham, nyumba yao karibu kabisa na barabara ya South Circular. Alikufa Februari 2013 akiwa na miaka 9, baada ya kulazwa hospitali zaidi ya mara 25 kwa pumu kali. Mama yake, Rosamund, ambaye alikuwa mwalimu, hakukubali mambo yaishie pale. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo, Philip Barlow, alitoa uamuzi kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella. Hakuna aliyewahi kuandikiwa hivyo kabla yake hapa Uingereza. Na alisema jambo jingine ambalo mimi kama nesi silisahau: mama hakuwa amepewa habari juu ya madhara ya hewa ile, na angepewa angechukua hatua ambazo huenda zingezuia kifo. Watoto, sisemi haya kuwatisha. Mwenye pumu akitumia dawa yake ya kuzuia kila siku kama alivyoelekezwa, na pampu yake ya bluu ikawa karibu, anaishi vizuri na anacheza mpira. Nasema ili wazazi wajue kwamba habari nayo ni dawa.

Basi fedha ziko wapi? Kuanzia 1997 serikali kuu ilikuwa na mpango wa ruzuku ya hewa ambao halmashauri za England zilishindania. Meya wa London alianzisha mfuko wake mwaka 2013, pauni milioni 20 kwa miaka kumi, kwa ajili ya miradi ya halmashauri za mji huu. Mwaka 2018 shule za msingi 50 zilizo kwenye hewa mbaya zilikaguliwa, na kila moja ikapewa pauni 10,000 za kuanzia. Kuna mitaa ya shule zaidi ya 500 inayofungwa magari saa za kuingia na kutoka. Kuna vipimo vya hewa vya Breathe London, ambavyo vikundi vya mitaani viliweza kuomba na kupewa bure.

Haya yote yamezaa kitu. Mwaka 2016 wanasayansi wa King's College walikadiria kwamba kwa mwendo wa wakati ule London ingechukua miaka 193 kufikia kiwango cha kisheria cha naitrojeni dayoksaidi. Kilifikiwa 2024. Msipige vigelegele bado, maana kiwango hicho cha kisheria ni maikrogramu 40, na Shirika la Afya Duniani linashauri 10.

Sasa angalieni orodha ile tena. Shule zilizokaguliwa ni za kutwa. Mitaa ya shule hufungwa Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi saa nne asubuhi, watoto wetu wanaposhuka kwenye gari mbele ya ukumbi huu wa kukodi, hakuna kizuizi barabarani, hakuna kipimo ukutani, na madirisha yote yanatazama barabara ya mabasi. Wenye mipango si kwamba wanatuchukia. Hawajui kuwa tupo. Shule za lugha za mwisho wa wiki ziko nyingi London, za Kisomali, za Kireno, za Kituruki, na zote ziko gizani namna hiyo hiyo. Nani atawaambia, kama si sisi?

Mzazi mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwalimu, sisi tumekuja kufundisha Kiswahili. Hewa waachie wenyewe." Baba, wenyewe ni sisi. Kodi ya halmashauri unailipa kila mwezi, na ya mshahara inakatwa kabla hujaiona. Sehemu ya fedha hiyo inarudi kama ruzuku, na isipoombwa na sisi itaombwa na shule ya mtaa wa tatu yenye kamati ya wazazi waliozoea kuandika barua. Tumeshaliona hili. Mpango wa Meya wa kulipia magari machakavu, wakati ULEZ inapanuliwa London nzima Agosti 2023, ulikuwa na pauni milioni 110, ukaongezwa hadi 160, na mwenye gari dogo aliweza kupata hadi pauni 2,000. Mwanzoni ulikuwa kwa wachache, wakiwamo wenye kipato kidogo; tangu tarehe 21 Agosti ukafunguliwa kwa kila mkazi. Nawajua watu wetu, madereva na walezi wa wazee, waliouza gari la dizeli kwa bei ya kutupa wakati mlango uko wazi. Hakuna aliyewaambia kwa lugha waliyoielewa vizuri. Septemba 2024 mlango ukafungwa.

Lipo jamboambalo silipendi katika ruzuku hizi, na lazima niliseme. Nyingi ni za mwaka mmoja au miwili. Mradi unaanza, watu wanazoea, fedha zinakwisha, kifaa kinabaki ukutani hakina wa kukisoma. Kuzishindania nako kuna ubaya wake: mtaa wenye ofisa hodari wa kuandika maombi hushinda mtaa wenye hewa mbaya zaidi. Mpango wa 1956 ulikuwa bora kwa hili, kwa sababu ukitimiza masharti fungu lako lilikuwa limeandikwa kwenye sheria. Ningekuwa mbunge ningedai turudi huko. Mimi si mbunge, mtoto wa mwaka huu anapumua mwaka huu, kwa hiyo tutumie kilichopo.

Na kabla hatujaomba, tuzime injini. Samahani, lakini nimehesabu Jumamosi mbili mfululizo, na mara zote mbili magari zaidi ya kumi ya wazazi wetu yalikuwa yamesimama nje injini zikinguruma, watu wakimalizia simu za nyumbani. Kuacha injini ikiwaka gari limesimama bila sababu ni kosa kisheria, faini huanzia pauni 20, na kuna halmashauri zinazotoza 80. Hata kampeni ya kuwaelimisha madereva juu ya jambo hili, Idling Action, ililipiwa na mfuko wa Meya. Tutaombaje fedha za kusafisha hewa ambayo sisi wenyewe tunaichafua mlangoni?

Ninachopendekeza si kikubwa. Barua moja kwa diwani wa kata hii na kwa ofisa wa hewa wa halmashauri, tukitaja idadi ya watoto wetu, wangapi wana pumu bila kutaja majina, na saa tunazokuwa hapa. Tuombe mambo matatu: kipimo cha hewa nje ya ukumbi, kichujio cha hewa katika chumba cha wadogo, na mtaa huu kufungwa magari kwa nusu saa Jumamosi asubuhi. Wakikataa mawili wakakubali moja, tumepata. Mwenye ukumbi nimeshamuuliza, hana pingamizi. Ajuaye kuandika Kiingereza cha ofisini ajitokeze, mimi wangu ni wa wodini.

Wakati barua inaandikwa, jiandikisheni airTEXT, huduma ya bure inayotuma ujumbe siku hewa ya London inapotarajiwa kuwa mbaya. Hasa ninyi wenye mtoto wa pumu.

Wanafunzi wa darasa la juu, kazi yenu ya wiki hii ni hii: hesabuni magari yaliyosimama injini ikiwaka mtaani kwenu kwa dakika kumi, andikeni tarehe, saa na idadi, kisha mwandikieni diwani aya tano kwa Kiswahili. Tutazitafsiri pamoja Jumamosi ijayo na kuziambatanisha na barua. Leteni na kalamu, zangu zimekwisha.