Kahawa Mbozi: Mti wa miaka 30, sera ya msimu mmoja

Na Mwandishi Wetu, Nanyala

MKULIMA wa kata ya Nanyala, wilayani Mbozi, anayepanda mahindi hujua ndani ya miezi michache kama amepata au amekosa. Anayepanda kahawa husubiri takriban miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza ya maana, na mti huo, ukitunzwa, huzaa kwa zaidi ya miaka 30.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Msaada wa Serikali hupangwa kwa mwaka wa fedha, ilhali kahawa huhesabu miongo.

Si haki kusema Serikali imekaa kimya. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi Sh bilioni 954 mwaka 2022/23. Agosti 8, 2022, katika kilele cha Nanenane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), yenye kituo Mbimba wilayani humo, imetoa miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani.

Lakini mche bora ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni soko, nalo limebadilishwa kanuni mara kwa mara. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Mwaka 2018 wakaondolewa vijijini na kahawa ikarudi kwa vyama vya msingi (AMCOS).

Kila badiliko lilikuwa na sababu zake. Wapo wanunuzi walionunua kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa. Vipo vyama vilivyochelewesha malipo. Hata hivyo, mwenye mahindi akichoshwa na kanuni hubadili zao msimu ujao. Mwenye kahawa hawezi. Huacha kupogoa, huacha kupiga dawa, mwisho hung'oa.

Kwa hiyo miche ya ruzuku iende pamoja na mikopo isiyodaiwa hadi mti uzae, AMCOS walipe kwa wakati, na kanuni za soko zidumu japo miaka kumi.

Mbolea iliyokosekana mwaka huu yaweza kuletwa mwakani. Mti uliong'olewa hurudi baada ya miaka mitatu, iwapo mkulima bado atakuwa na imani ya kuupanda.